Fundo la Mkunga wa Paros

Themisto hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yenye mzazi bila kusimama kwanza na kuuliza, "Mmefungua?" Wenyewe wakiitikia kwamba wamefungua, hakuwasadiki. Aliingia akakagua kwa macho yake. Mishipi ya wanawake ilegezwe, nywele ziachiwe mabegani, kanda za viatu zifunguliwe, kifuniko cha kasha kiinuliwe, hata mbuzi aliyefungwa uani akatwe kamba aende anakotaka. Kisha aliwatazama waliohudhuria, mmoja baada ya mwingine, jinsi walivyokaa. Ole wake aliyepandisha mguu juu ya mguu.

"We mama, hiyo miguu mbona umeisuka kama kapu?"

"Samahani, mkunga. Mazoea tu."

"Mazoea peleka arusini. Hapa kunjua."

Wanawake walicheka, lakini walikunjua. Kila mwanamke wa kisiwa kile alikuwa amekinyonya kisa cha Ilithia pamoja na maziwa ya mama yake. Ilithia si mungu mkubwa. Hana radi, hana bahari, wala hana mji unaojivunia jina lake. Kazi yake ni moja tu: mwanamke akishikwa na uchungu yeye huja, na akija yeye mtoto hutoka. Ila siku moja, kule Thebe, alitumwa na Hera, malkia wa miungu mwenye wivu, akaketi nje ya mlango wa mwanamke mmoja, magoti ameyabana, vidole amevifumanisha kimoja ndani ya kingine, na siku saba mwanamke yule akalia ndani bila kuzaa, mpaka Ilithia alipoiachia mikono yake. Ndiyo maana watu wa Paros walisema kwamba kila fundo lililo karibu na mzazi ni mkono wa Ilithia uliofungwa.

Themisto aliirithi kazi kwa mama yake, naye aliifanya kwa haki. Alikwenda kwa tajiri na kwa kijakazi kwa mwendo ule ule. Hakunywa divai kabla ya kazi. Wasichana walioona haya aliwaambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Legea." Lakini alikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo watu waliiona kuwa ndiyo ukali wake mwema. Uzazi ukienda vibaya, alilitafuta fundo, na alilipata. Nyumba yenye wanawake kumi haikosi fundo. Mmoja kasahau kishikizo cha bega, mwingine kapitiwa na usingizi mguu juu ya mguu. Themisto alimnyooshea kidole mbele ya wote, akaenda zake, na yule mwanamke akabaki na jina la mfungaji.

Yeye mwenyewe hakuna aliyemkagua. Nani atamkagua mkunga?

Na fundo alikuwa nalo. Mumewe alikuwa mkata marumaru, mmoja wa wale wanaoingia chini ya mlima kwa taa na kukata jiwe jeupe gizani. Jiwe lilimwangukia akafa, Themisto akiwa na mimba ya miezi saba. Alijifungua peke yake, akamkata mtoto kitovu mwenyewe, akakifunga kwa uzi wa sufu nyekundu. Kilipoanguka alikiweka ndani ya kitambaa, akakizungushia ule uzi, akakaza fundo, akakivaa kifuani chini ya nguo. Mtoto alikuwa wa kike, akamwita Aristo. Kila alipofika mlangoni pa watu, Themisto alikivua kifurushi kile na kukitundika nje, kwenye tawi au msumari, na akitoka alikivaa tena. Miaka kumi na tisa hakusahau hata mara moja.

Aristo aliolewa na Teleson, mkata marumaru pia, kijana mpole aliyeishi na dada yake Krino. Krino alikuwa na miaka kumi na saba, mchumba wake keshapatikana, na wifi wale wawili walipendana mno. Walikuwa wakifuma kitambaa kimoja kwenye mtambo mmoja, huku wanagombana kuhusu nani kakoroga nyuzi, na wakicheka mpaka Teleson anauliza kama katika nyumba ile kunapikwa au kunachekwa tu.

Asubuhi moja Themisto alikuwa akifua sufu kwenye chemchemi iliyo chini ya hekalu dogo la Ilithia. Krino akaja mbio, nywele zake tayari zimeachiwa.

"Mama! Wifi kashikwa!"

Themisto aliiacha sufu majini. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji alikimbia mteremkoni kama msichana, na alipofika hakusimama mlangoni. Lile swali aliliuliza akiwa keshafika ndani, mkono wake juu ya tumbo la binti yake.

"Mmefungua?"

"Kila kitu, mama," alisema Krino. "Hata paka nimemvua uzi wa shingoni."

Aristo alicheka katikati ya uchungu. "Paka naye anazaa leo?"

"Nyamaza, vuta pumzi," alisema Themisto, naye akitabasamu.

Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho katika nyumba ile. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Themisto alitumia mafuta, mvuke, maji ya mizizi na kila alichojua. Alimkalisha Aristo kwenye kiti cha kuzalia, akamtembeza, akamlaza. Wanawake walimwita Ilithia mpaka sauti zikakauka. Krino ndiye aliyechota maji, akachemsha, akapangusa jasho, akarudi tena kuchota. Hakufumba jicho.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Krino aliketi kwenye jiwe la mekoni kusubiri maji yachemke. Kichwa chake kikaanguka mbele kwa usingizi. Mikono yake ilikuwa imekumbatia goti, na vidole vilikuwa vimefumanishwa.

Themisto aligeuka akaviona.

"Vidole!" Sauti yake iliwarusha wanawake wote. "Tazameni vidole vya huyu! Siku tatu namtafuta mchawi, kumbe nimemkalisha mekoni!"

Krino aliruka. "Mama, nimesinzia. Sasa hivi tu, mama, naapa…"

"Umemfunga mwanangu! Toka! Toka kabla sijakumwagia maji hayo!"

Aristo alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba. "Mama, mwache wifi yangu. Kachoka."

Krino alitoka akirudi nyuma, mikono ameitanua mbele ya watu kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba. Kabla jua halijagusa bahari Aristo alikufa, na mtoto akafa ndani yake.

Waliwazika pamoja. Siku ya mazishi, kama desturi ilivyo, kila aliyegusa maiti alioga kwa maji ya kisimani kabla ya kurudi chini ya paa. Themisto alisimama nyuma ya nyumba ya Teleson na mtungi wake, akalegeza nguo begani, akajimwagia maji. Mkono wake ukapita kifuani na kugusa kitambaa kilicholowa.

Kilikuwa pale pale. Alikuwa nacho siku zote tatu. Kila alipoinama juu ya Aristo, fundo lile lilikuwa likining'inia baina yao.

Alikaa chini kwenye tope. Ng'ambo ya ukuta aliwasikia wanawake wakizungumza, na katikati ya sauti zao aliisikia ya Teleson ikimwambia dada yake akusanye vitu vyake aende kwa shangazi, kwa sababu hawezi kumtazama. Ilikuwa hatua kumi kufika pale. Lilikuwa neno moja. Themisto alikunja kile kitambaa kiganjani. Alijiambia kwamba atasema kesho, akishapata nguvu. Alijiambia pia kwamba vidole vya Krino aliviona kwa macho yake, na je, huo ulikuwa uongo? Haukuwa uongo. Mtu akitaka kumzika mwenzake hai hahitaji uongo. Kipande cha ukweli kinamtosha. Alikipeleka kifurushi nyumbani, akakitia ndani ya mtungi wa asali uliokwisha, akaupandisha juu ya rafu.

Kesho ilikuja, na nyingine baada yake.

Mama wa mchumba alirudisha shela ya Krino ikiwa imekunjwa vizuri, bila ujumbe. Teleson alipanda meli kwenda Naxos na hakurudi. Krino aliishi kwa shangazi yake, bibi mmoja kiziwi kidogo aliyemhitaji kwa kuchota maji, na huko chemchemini ndiko mji ulikomsimanga kila siku.

"Mpisheni mfungaji, achote aondoke."

"Hebu simama mbali, shoga. Tangu juzi ulipopita karibu yangu hata choo sipati."

"Usimcheke, atakufunga mdomo."

"Mdomo wako ukifungwa, mumeo atachinja kondoo wa shukrani!"

Walicheka. Krino alitua mtungi wake, akangoja wamalize wote ndipo achote. Na Themisto alipokuwepo, alimwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Themisto, akiangalia maji.

Baada ya muda watu waliona jambo jingine. Krino alikuwa akitembea na kipande cha marumaru katika kila kiganja, saizi ya yai la njiwa. Akichota maji aliviweka kando, akimaliza aliviokota. Shangazi yake aliwaambia majirani kwamba hata usingizini hulala navyo, ili vidole visije vikakutana bila yeye kujua. Wanawake walisema, afadhali, anajijua. Themisto aliyasikia hayo, akaenda nyumbani, akautazama ule mtungi juu ya rafu, akala shayiri yake, akalala.

Kila mwaka, siku aliyokufa Aristo, Themisto alikuta kaburini mkate wa asali umekwisha kuwekwa. Mwaka wa tano alikwenda mapema akamkuta mwenyewe. Krino alikuwa amepiga magoti, mikono yake kaiweka mbali mbali juu ya majani, jiwe hapa na jiwe pale. Alipomwona Themisto hakuinuka.

"Nisamehe, mama. Nilisinzia tu. Sikukusudia."

Ndege walikuwa wakilia kwenye mizeituni. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Nilikuwa nampenda," alisema Krino. "Ningejua nitasinzia ningesimama. Mara nyingi nawaza, mbona sikusimama?"

Ulimi wa Themisto ulikuwa mzito kama lile jiwe lililomuua mumewe. Alifumbua mdomo. Alimwona mbele yake msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekwisha kuzeeka, akaona na nyuso zote za mji zikimgeukia yeye, mkunga, mkaguzi wa mafundo ya watu.

"Nenda nyumbani, mtoto," alisema. "Kuna baridi."

Krino alimbusu mkono na kumshukuru.

Nimewasikia watu wakimtetea Themisto, wakisema kwamba huzuni ilimziba. Huzuni humziba mtu siku arobaini. Hawezi kuzibwa na huzuni miaka kumi na mmoja huku akiendelea kuwauliza wenzake mlangoni kama wamefungua. Maana aliendelea kuuliza, na kwa ukali zaidi.

Mwaka wa kumi na mmoja Krino aliposwa. Aliyemposa alikuwa Mnason, mchunga mbuzi mjane wa upande wa pili wa machimbo, mtu wa mguu mfupi na maneno mafupi. Mji ulimwonya. Mnason akasema mbuzi wake wamezaa mapacha mara mbili tangu Krino aanze kuwaletea chumvi, na yeye anaamini mbuzi kuliko wanawake wa chemchemini. Kabla mwaka haujaisha Krino alikuwa na mimba.

Asubuhi moja Mnason alimjia Themisto, vumbi jeupe limempanda mpaka magotini.

"Mama, mke wangu leo siku ya pili. Hakuna anayekuja."

"Umewaendea?"

"Wote. Mmoja kasema jino linamuuma. Mwingine kasema mbuzi wake mgonjwa. Mbuzi wake nimemkamua mimi jana, mzima kama mimi!" Alijipangusa uso kwa mkono wote. "Majirani wamekuja, wamejaa uani. Wamekuja kutazama, mama. Kuingia hawataki. Na yeye mwenyewe kaniambia nisikuite wewe. Anasema una haki ya kukataa."

Themisto alipanda juu ya kigoda, akaushusha mtungi wa asali.

Njia ya machimbo ni ndefu kwa mwanamke wa miaka sitini, naye hakupumzika. Uani kwa Mnason palikuwa na wanawake wanane au tisa, wamesimama mbali na mlango na mishipi yao imefungwa. Walimpisha. Mmoja alinong'ona, "Kaja kumwona akilipwa."

Alisimama kizingitini. Ndani hapakuwa na fundo lolote. Krino alikuwa amefungua mpaka mikoba ya jibini iliyoning'inia darini, na jibini lilikuwa limemwagika sakafuni. Aliketi kwenye kiti cha kuzalia, shangazi yake amemshika mgongo, na mikono yake ameinyoosha huku na huku kama mabawa. Ngumi zake zilikuwa zimekaza vile vipande vya marumaru mpaka damu ilitoka chini ya kucha.

"Shikamoo, mama," alisema. "Umekuja. Mimi sitapona, mama. Ni haki. Ila mtoto hana kosa, mwokoe mtoto."

Themisto hakuuliza swali lake. Aligeukia uani.

"Ingieni. Wote. Mliyokuja kuyatazama yapo huku."

Waliingia wakisukumana. Themisto akaupindua mtungi, na kile kifurushi kikaanguka kiganjani mwake, kimekauka, uzi wake umegeuka rangi ya kutu.

"Hiki ni kitovu cha Aristo," alisema. "Nilikuwa nikikivua kwenye milango yenu. Kwenye mlango wa binti yangu sikukivua. Siku tatu kilikuwa hapa, kifuani, na fundo lake. Kama kuna aliyemfunga mwanangu ni mimi. Huyu alisinzia kwa sababu alimhudumia siku tatu bila kulala, na ninyi nyote mlikuwa mkilala kwa zamu."

Alijaribu kulifungua lile fundo na vidole vikashindwa. Miaka na asali vilikuwa vimeligeuza mfupa. Alilitia mdomoni akalitafuna kwa meno machache aliyokuwa nayo, mbele yao, mate yakimtoka, mpaka uzi ukaachia.

Krino alikuwa akimtazama. "Ulijua lini?"

"Siku tuliyomzika. Wakati wa kuoga."

"Pale kaburini." Sauti ya Krino ilitoka polepole. "Nilipokubusu mkono. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Krino alifungua mdomo kusema neno, na badala ya neno uchungu ukampanda. Alipiga ukelele ambao uzazi peke yake hauutoi. Kilikuwa kilio cha miaka kumi na mmoja, na wanawake waliokuwa wakimcheka chemchemini walirudi nyuma mpaka ukutani. Vipande vya marumaru vilianguka, kimoja kikabingirika mpaka miguuni pa Themisto. Themisto alipiga magoti juu ya jibini lililomwagika akafanya kazi aliyoijua. Haikuchukua muda. Mtoto wa kike, mweusi kwa nywele, alitoka akilia.

Shangazi kiziwi ndiye aliyeanza vigelegele. Wengine wakafuatia kwa aibu.

Themisto alimwosha mtoto, akamkata kitovu, akakifunga kwa uzi mpya, akamlaza kifuani mwa mama yake. Kisha akanyoosha mkono kuuchukua mshipi wa Krino ukutani, maana mkunga ndiye anayeupeleka mshipi wa mzazi kwa Ilithia kushukuru.

"Uache," alisema Krino.

"Ni kazi yangu, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Atapeleka shangazi." Hakuinua sauti. Alikuwa akimtazama mtoto. "Asante kwa mikono yako. Sasa nenda nyumbani, mama. Kuna baridi."

Wanawake walimpisha tena, safari hii wakivuta nguo zao zisimguse.

Alipanda mlimani mpaka kwenye hekalu dogo. Sanamu ya Ilithia ilikuwa imesimama mahali pake, viganja vimekunjuliwa, na mishipi ya wanawake waliopona imening'inia ukutani, mingine mpya, mingine imeoza. Mshipi wa Aristo haukuwamo. Themisto aliuweka uzi mwekundu miguuni pa sanamu, akaunyoosha kwa kidole. Uzi ukajikunja tena palipokuwa na fundo. Akaunyoosha mara ya pili na ya tatu, kisha akauacha ulivyo.

Hakuitwa tena kuzalisha. Chemchemini, mitungi ilisogezwa alipofika, na maneno aliyasikia yote, hata yale yale ya choo na ya mdomo, maana watu hawatungi matusi mapya yakiwapo ya zamani. Alingoja wamalize ndipo achote. Hakulalamika hata kwa jirani.

Krino alikuja siku ya arobaini, mtoto mgongoni. Wanawake walimkimbilia, huyu anamtua mtungi, yule anamsifu mtoto nywele. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Themisto. Mtoto aliteleza kidogo. Krino akainama, akampandisha juu, akamshika kwa nyuma kwa mikono yote miwili, vidole vimefumanishwa kwa nguvu chini ya makalio yake.

Themisto alivitazama vidole vile. Akangoja asikie, "Shikamoo, mama."

Krino alichotewa maji, akageuka, akapanda njia ya machimbo.